Ukuta Wenye Cherehani

Ipo siku moja sijaisahau, mjukuu wangu, na leo baba yako kanikumbusha kwa ubaya. Ile karatasi yako ya manila uliyochora banda la kuku, ukawa unapaka rangi kila hatua unayoimaliza, kaibandua ukutani. Eti wageni wanakuja. Na huyo ni mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nimekasirika hata chai imenishinda.

Nilikuwa msichana kama wewe, kule Ruaruke, nalelewa na mjomba. Nilitaka cherehani. Nikachukua mkaa, nikakichora kwenye ukuta wa udongo pale barazani, kikubwa, nikakigawa vipande: meza, sindano, gurudumu. Kila mkeka wa kuuza niliomaliza kuushona, nilijaza kipande kimoja kwa rangi ile ile tuliyotilia ukindu wa kusukia. Asubuhi nikifagia nakiona, najua kilichobaki. Siku za uvivu, nikilitazama lile gurudumu tupu naona haya, narudi kusuka.

Ikaja posa. Mjomba akautazama ukuta, akafoka, "Uchafu gani huu? Wageni watasema msichana ana mipango yake!" Akaleta ndoo ya chokaa na brashi. Hebu niambie, msichana kuwa na mipango ni aibu ya nani? Mpaka leo nikilisema hili damu inanichemka. Siku ile nililia tu, maana mjomba hajibiwi.

Bibi yangu, mama yake mjomba, akatoka ndani na ukili wake mkononi. Akatandika jamvi, akaegemeza mgongo kwenye kile cherehani, akanyoosha miguu, akaendelea kusuka.

"Mama, sogea nipake."

"Nipake na mie."

"Mama, wageni wako njiani!"

"Basi fanya haraka. Anzia kichwani."

Mjomba akahangaika na brashi yake, chokaa inamchuruzikia mpaka kiwikoni. Mwisho akapaka nyumba nzima ikawa nyeupe pe, isipokuwa pale alipokaa Bibi. Kwa hiyo wageni walipofika na Bibi akainuka kuwapokea, kitu cha kwanza walichokiona ni kile Mjomba alichotaka kukificha. Mama wa mchumba alikitazama sana, akauliza, "Gurudumu mbona halijajazwa?"

Nikamjibu kwamba mikeka bado.

"Basi harusi ingoje gurudumu," akasema.

Huyo ndiye aliyekuwa mama mkwe wangu, na cherehani chenyewe ni hiki hiki kilichoshona sare zako zote za shule. Baba yako anayajua haya, nimemsimulia tangu mdogo, na bado kabandua!

Sasa nisikilize. Jambo unalolitaka ligawe vipande unavyoviweza, ulichore, ulitundike mahali utakapoliona kabla hujanawa uso. Usipake rangi kipande ambacho hujakifanya, hata kama picha umeshairusha kwenye simu na watu wanakusifia. Kuku hawalali kwenye sifa. Na anayekuambia unachafua ukuta, mwitikie kwa adabu, kisha uchore tena, palepale.

Mungu akubariki mikono, banda lako lijae kuku mpaka ukose pa kukanyaga. Haya, lete manila nyingine. Jamvi langu nimeshalitandika hapa ukutani. Baba yako akirudi, aanzie kichwani.