Tundu la Nne

Juzi, katika duka moja Kariakoo, niliona darubini ya bunduki. Mimi, mwenye stashahada ya ufundi niliyoipata ughaibuni kwa kujisomesha mwenyewe, nikanusa baruti ya utotoni.

Siku moja nilikuwa porini na baba, fundi bunduki, akijaribu bunduki ya tajiri yenye darubini kabla ya msimu wa uwindaji. Kama asingeirekebisha, kazi ya msimu ule angepewa fundi mwingine. Baada ya risasi tatu alinituma nilete boksi la shabaha. Matundu yote yalibanana pembeni. Kwa kumwonea huruma, nikatoboa la nne katikati kwa kijiti.

"Na hili la nani?"

"Lako, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Muongo wewe! Matundu yakikaa pamoja hivi, bunduki ni nzima. Kilichobaki ni bisibisi."

Akazungusha skrubu ya darubini, akarudisha boksi, akapiga. Risasi ikapita palepale kwenye tundu langu. Kazi akaipata, na mtaani nikatangaza kwamba njia niliitoboa mimi.