Moshi wa Nyumba ya Ng'ambo

Niwataje kwanza, msije mkapotea. Upande wetu wa bonde, kule Kilolo, tulikuwa wanne: Bibi Rahel, mama yake baba, mama yangu Yudita, mimi Debora, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota tena, na mdogo wangu Zakayo, bado ananyonya. Baba yetu Festo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, harudi mpaka msimu uishe. Ng'ambo ya kijito walikaa Kaspar, mkewe Anjelina na binti yao Lusia, rika langu. Hao Wakatoliki, sisi Walutheri. Na juu mlimani alikaa Mzee Nathani, mzee wa kanisa letu. Basi, ndio hao. Wote wameshatangulia, nimebaki mimi.

Lusia ndiye tumemzika majuzi. Nilitoka Mbeya, Ilomba, ninakokaa na binti yangu, nikaenda. Pale msibani vijana wakaniuliza, huyu bibi mwenye makovu ya ndui usoni, mbona amelazwa kwenye makaburi yetu ya Kilutheri na rozari mkononi? Nikawaambia nitaandika. Niliishia darasa la pili, mtanivumilia.

Zamani zile kiberiti kilikuwa kitu cha dukani, na duka lilikuwa mbali. Moto tuliombana. Ukitoka nje asubuhi, kabla hujanawa uso, unatazama paa za nyasi za jirani. Paa linalofuka moshi lina moto. Lisilofuka, ngoja kidogo, mtu atakuja na kigae cha chungu, apewe kaa na gunzi la mahindi la kulitunza njiani. Mimi na Lusia ndiyo ilikuwa kazi yetu, tunapishana kwenye kijito tukipuliza vigae vyetu, macho yanatoka machozi. Mwezi wa sita ukungu unalala bondeni, ng'ombe unawasikia huwaoni, vidole vimekufa ganzi. Halafu unaingia ndani, Bibi anafukua viazi kwenye majivu, anakupa cha moto ushike kwanza ndipo ule.

Bibi hakujua kusoma. Sala yake ilikuwa moja, Baba Yetu. Akifika pale pa mapenzi ya Mungu ananyamaza kama mtu anayetua mzigo, ndipo anaendelea. Mimi nikadhani amesahau, nikamnong'oneza maneno.

"Nyamaza, mke mwenzangu," akasema. "Sijasahau. Hapo ndipo pagumu."

Mwaka huo Kaspar alirudi kutoka kibaruani na ndui. Akafa, mkewe akamzika peke yake. Watu wakaziba njia ya kijitoni kwa matawi ya miiba. Msiwaone wabaya. Ndui walikuwa wanaijua, ilikuwa imeshapita kwenye nyumba zao. Chakula kiliwekwa kwenye jiwe kijitoni, Anjelina anakuja kukichukua sisi tukiwa tumeshaondoka.

Asubuhi moja paa la ng'ambo halikufuka. Mama akasema labda wamechelewa kuamka. Kesho yake halikufuka tena, na chakula kilikuwa pale pale juu ya jiwe. Bibi akachukua kigae, akatia makaa.

"Mama, humu ndani kuna mtoto ananyonya," mama akamwambia.

"Ndiyo maana sirudi. Nikivuka nimevuka."

Mama akanituma mbio kwa Mzee Nathani. Alishuka anahema, akamkuta Bibi anafunga kaniki yake.

"Mama Festo, hao wana padri wao."

"Padri yuko mbali, mwanangu. Mimi niko hapa na moto ninao."

"Kwani Mungu amekuahidi hutaugua?"

"Hajaniahidi," Bibi akasema. "Na sikumwuliza."

Akanigeukia. "Mke mwenzangu, viazi vyangu usivimalize." Akasogeza miiba kwa fimbo, akavuka. Baada ya kitambo moshi ukatoka ng'ambo, mwembamba, nikaruka ruka kama ndama.

Tangu hapo niliamka kutazama moshi. Nikiona unafuka nasema Bibi yupo. Akija kwenye jiwe tunapigiana kelele kwa mbali. Akatuambia Anjelina amefariki, amemzika kando ya mumewe. Lusia baadaye alinisimulia kwamba usiku alikuwa hapati usingizi bila rozari, basi Bibi akawa anamsalisha, Mlutheri yule, na anaikosea kila mahali, naye mtoto na vidonda vyake anamcheka na kumsahihisha.

Halafu ikafika asubuhi ambayo paa la ng'ambo halikufuka.

Mama alikuwa mlangoni, Zakayo ananyonya. Alisimama mpaka jua likatokeza. Kisha akamchomoa mtoto, akanipa.

"Mpe uji. Akilia sana mwite mke wa Nathani, asimame nje akuelekeze." Akachukua kigae. Hakwenda kama Bibi alivyokwenda. Alikwenda analia na kugomba kwa sauti: "Huyu mama ana kichwa kigumu! Nilimwambia! Si nilimwambia?" Lakini alikwenda. Na moshi ukatoka.

Mama alimkuta Bibi bado anapumua, akamuuguza, Bibi akafa mikononi mwake. Mama akakaa mpaka magamba ya Lusia yalipodondoka yote. Akaichoma nyumba ile, akaoga kijitoni, akarudi na Lusia mkononi. Kufika, Zakayo alikuwa mifupa. Uji alikuwa anautema. Mama akamweka ziwani, na maziwa yalikuwa yameshakauka. Zakayo hakufika masika.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikuwahi kumsikia akisema alifanya vizuri, wala akisema alifanya vibaya. Alimlea Lusia, akamsuka, akamchapa alipokosa, akamwacha na rozari yake. Jumapili akaenda kanisani. Akaendelea kusali.

Siku hizi Kilolo ni bati tupu na mitungi ya gesi, na hapa Ilomba tuna kuta na mageti. Mwaka jana jirani wa ukuta mmoja na sisi alifariki, tukajua tulipoona turubai linafungwa. Hakuna atazamaye paa la mwenzake, na wala sijui angeona nini.

Sasa nina ombi. Siku mama alipomzika Bibi, mimi nilikuwa upande wetu na Zakayo mgongoni. Nakumbuka mama akiwa ng'ambo peke yake na jembe, na watu wa kanisa letu wamesimama upande huu wa miiba, wanaimba, Mzee Nathani akiongoza sala kutoka huku huku. Nilikuwa mtoto, na ukungu ulikuwepo. Kama yuko wa rika langu anayekumbuka kwamba kuna hata mmoja aliyevuka akamshikia jembe, anisahihishe. Ningefurahi sana kuambiwa nimekosea.