Msondo Uliokwenda Usaili

Walisema nisingevuka Kibiti. Mjomba wangu wa Bungu, muuza vipuri vya pikipiki, alisema hivyo mbele ya wateja wake. "Wenzio wanaomba uuguzi, wanaomba ualimu. Wewe unaomba chuo kikuu ukapige ngoma? Si unapiga bure hapahapa?" Wateja wakacheka. Kijana wa steshenari pale Kibiti, aliyenijazia fomu kwenye kompyuta yake kwa mkopo, alikizungusha kiti akanitazama. "Broo, kozi ipo kweli. Stashahada ya Muziki. Ila atakuajiri nani? Bibi harusi?"

Leo stashahada hiyo imetundikwa sebuleni kwangu, kwenye fremu ya kioo, na kila mgeni huiona kabla hajapewa maji. Ni ya kwanza ya muziki katika visiwa vyetu vyote vya delta. Kama yuko aliyenitangulia, ajitokeze. Ada yake niliikata kwa panga kwenye mikoko, nikiwa nimezama kwenye tope hadi kiunoni. Najisifu, ndiyo. Sikubebwa na mtu. Lakini ninapoalikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi, kuna wiki moja huwa nairuka.

Wiki hiyo ilianza na ujumbe wa simu. Nilitakiwa kufika Dar es Salaam Jumamosi kwa usaili wa vitendo, na kila mwombaji aje na ala yake. Mimi sikuwa na ala. Ngoma zote nilizozijua zilikuwa za watu, na niliyoijua kuliko zote ulikuwa msondo wa kungwi wetu, bibi mmoja aliyefunda wasichana wa kisiwa kizima. Msondo ule ulinifika kifuani. Ngozi yake niliiwamba mimi mwenyewe, na kwenye sherehe ni mimi niliyeitwa kuupiga, nikiwa nje uani. Ndani hatuingii wanaume.

Ubaya ni kwamba wiki ile kulikuwa na mwali ndani, mjukuu wa bibi huyohuyo. Zamani msichana aliwekwa ndani miezi. Siku hizi huwekwa likizo tu, awahi shule. Huyu alikuwa atolewe Jumapili, na shule ifunguliwe Jumatatu. Kwetu mwali hatoki kimyakimya. Kuna mdundo wake, na akishausikia ndipo huvuka kizingiti.

Nilimkuta bibi akichambua mchele.

"Nasikia tu moyoni kuwa umekuja kuomba kitu kibaya," alisema kabla sijaketi.

"Naomba msondo, bibi. Ijumaa naondoka nao, Jumamosi napiga, Jumapili asubuhi uko hapa."

"Msondo haujalala ng'ambo ya maji hata siku moja."

"Utalala siku mbili tu."

Aliendelea kuchambua mchele. Kutoka chumba cha nyuma nilimsikia mwali akikohoa, kikohozi cha mtu aliyeambiwa asisikike.

"Chukua," alisema. "Lakini mjukuu wangu, usije ukaniacha na mtoto wa watu ndani. Mtoto si kuni, nimhifadhi mpaka utakaporudi."

Nikaapa. Ijumaa nikaufunga kwa kitenge na kuupakia kwenye boti ya kwenda Nyamisati. Upande wa juu wa mto wingu lilikuwa jeusi, na maji yalikuwa yameanza kuja na majani ya mpunga, mabichi, yameng'olewa na mizizi yake. Nahodha aliyatazama, akautazama na mzigo wangu. "Huyo mwali wako yuko mjini?" aliuliza. Abiria wakacheka, isipokuwa mama mmoja aliyehamia mbele kabisa ya boti, akanipa mgongo hadi tulipofika.

Bungu mjomba alinipa nauli na viatu vyake vya Ijumaa. "Nakukopesha, sikupi," alisema. "Na ukivichubua utavila." Kwenye basi konda aliugonga msondo kwa kidole. "Huyu mnene analipa kama mtu, anko." Ukawekwa kwenye buti. Kila tuta tulilolivuka, kitu kiligonga ngozi kule nyuma, nao ukaguna. Wa kiti cha nyuma akauliza nani kapakia mgonjwa.

Jumamosi nilifika chuoni saa mbili kasoro. Mlangoni palikuwa na karatasi: usaili umeahirishwa hadi Jumanne, mkufunzi amesafiri. Niliisoma mara tatu. Kijana mwenye gitaa alikuja, akaisoma, akasema, "Poa tu," akaondoka. Kwake zilikuwa siku tatu za kusubiri.

Ningeweza kurudi. Boti ilikuwepo, basi lilikuwepo. Lakini nauli ilikuwa ya kwenda na kurudi mara moja, na nilijua nikirudi sitakuja tena. Mjomba angecheka, na kicheko kile kingenikaa hadi kaburini. Nilikaa. Sikulazimishwa na mtu, niliamua mwenyewe, nimekalia ngazi za jengo lile na msondo kati ya magoti.

Jumapili mama alipiga simu. "Wageni wameshakusanyika. Upo wapi?"

"Wameahirisha, mama. Jumanne."

Alishusha pumzi. "Bibi yako amekaa mlangoni, anatazama njia." Jumatatu alipiga tena. Maji yameingia vitongoji vya chini. Mwali bado yuko ndani na amegoma kula. Wenzake wameshapanda boti kwenda shule. "Mwanangu, watu wanayaunganisha mambo. Wanasema mto unautafuta msondo." Simu ikakatika, na tangu hapo kila nilipopiga niliambiwa haipatikani.

Jumanne niliitwa. Chumba kilikuwa cheupe, sakafu ya vigae, na watu watatu nyuma ya meza. Moto wa kupashia ngozi hawakuruhusu, hivyo niliupasha msondo juani tangu asubuhi.

"Ngoma hii ni ya nini kwenu?" aliuliza mama aliyekaa katikati.

"Ya furaha," nilisema.

Nikapiga mdundo wa kumtoa mwali, kwa sababu ndio nilioujua vizuri kuliko mwingine. Nilipiga vizuri sana; hilo sitalificha. Kalamu zao zilisimama. Lakini kuna mahali katika mdundo ule mpigaji hunyanyua mikono na kungoja, maana hapo ndipo mlango hufunguliwa na vigelegele hupasuka. Nilinyanyua mikono, nikangoja. Kiyoyozi kilinguruma. Macho yangu yalikwenda mlangoni yenyewe, na mlango haukufunguliwa.

"Umemaliza?" aliuliza yule mama.

"Nimemaliza."

Nilifika kisiwani Alhamisi. Nyumba za chini zilikuwa na mstari wa tope hadi dirishani. Mwali alikuwa ameshatolewa. Maji yalipokaribia chumba chake Jumanne mchana, wanawake walimtoa mbiombio, na mmoja wao akapiga dumu tupu la mafuta ili lisiwe tendo bila sauti. Watoto walikuwa wameshampa jina: Mwali wa Dumu. Bibi alikuwa akianika magodoro. Hakunitazama. "Uweke hapo nje," alisema. Niliuweka, ukanyeshewa, ukapasuka.

Wiki tatu baadaye kijana wa steshenari alinipigia simu akipiga kelele: nimechaguliwa. Nilisoma miaka miwili, nikafaulu, nikarudi na kazi ya kufundisha muziki Kibiti. Waliosema nisingevuka sasa wananiletea watoto wao.

Siku niliyolipa madeni niliichagua mwenyewe. Kibiti nilimlipa kijana wa steshenari fedha ya fomu na nyongeza. Alinipiga picha na kuibandika ukutani kwake. Bungu nilimpa mjomba nauli yake na viatu vipya. Alivikagua soli, akasema, "Haya, basi ulivuka." Kisha nikapanda boti na msondo mpya, niliouchonga likizo mbili kwa mikono yangu.

Bibi aliugonga mara moja, akasikiliza. "Ni mzuri kuliko wa kwanza," alisema. "Deni langu limekwisha."

Mjukuu wake alikuwepo, anapeta mchele, msichana mrefu sasa. "Shikamoo, kaka," aliniambia, ungo haukusimama.

"Marahaba. Umeuona?"

"Nimeuona. Watatolewa nao wengine."

Niliushika msondo niuingize chumba cha nyuma. Bibi akaniwekea mkono kifuani, akauburuta mwenyewe hadi ndani, akafunga mlango. Nilibaki uani, nikamuaga yule msichana, akanijibu kwa adabu. Tangu siku ile hakuna anayenidai, bara wala kisiwani. Nikikutana naye njiani huniamkia vizuri kabisa, nami huongeza mwendo.