Ubao wa Baba Uliobinuka

Mwaka huu mto umefika mpaka sebuleni kwangu. Maji yalipotoka, mjukuu wangu aling'oa ubao wa sakafu uliobinuka akaupeleka jikoni ukawe kuni. Nilimpigia kelele nikajishangaa mwenyewe. Maskini, angejuaje? Kaa nikusimulie wewe, maana yeye amenuna.

Vita vya Maji Maji vilinikuta msichana mdogo, kibogoyo wa meno ya mbele. Tuliishi bondeni kwenye dungu, nyumba ya juu ya nguzo katikati ya mpunga: mimi, wazazi wangu na bibi mzaa baba. Madungu ya wenzetu yalikuwa na sakafu ya fito. Letu lilikuwa na mbao za mkongo, kwa sababu baba alikuwa mchonga mitumbwi na hakutaka fito zimchome mbavu. Kila mtu alikuwa na ubao wake wa kulalia, na wa baba ulikuwa karibu na mlango. Aliuacha alipokwenda vitani na jirani yetu, huko milimani kusini, wamenyunyiziwa maji ya dawa na wamechangamka kama wanakwenda harusini.

Masika yale mto ulipanda mpaka sakafuni. Uliposhuka, mbao zilinuka tope na kambale, na ubao wa baba ulikuwa umetuna katikati kuliko zote. Miaka mingine tungewasha pumba chini ya dungu, moshi ukazikausha taratibu na mbu wakakimbia. Mama akachukua kijinga cha moto.

"Kiweke chini," bibi akamwambia. "Askari wakiuona moshi watatufuata hapahapa."

"Basi mama, tuuanike juani."

"Upasuke? Mwanangu akirudi atalala wapi?"

Akaulaza nundu ikiwa juu, akaukandamiza kwa kinu upande mmoja. Halafu akanitazama mimi. "Mke mwenzangu, njoo ulale hapa, uzito wako uunyooshe."

Nililala, na mbavu nilizisikia. Kila asubuhi bibi aliupapasa ubao kwa kiganja. "Mzito wewe, mashallah!" Basi nami nikazidisha uji, nikawa naomba hata ukoko, ili niwe mzito zaidi. Nilimpenda sana baba yangu, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyopewa ya kumrudisha.

Mpunga ulipoanza kuiva, ubao ulikuwa umenyooka kabisa. Ndipo nikamwona jirani yetu anakuja kwenye tuta la shamba. Furaha iliyoje! Kama yeye amerudi, baba yuko nyuma yake. Sikungoja kuambiwa. Niliingia ndani nikakunja mkeka wangu, nikaufuta ubao kwa kanga ya mama, nikasimama pembeni nimpishe mwenyewe.

Jirani hakupanda ngazi. Alizungumza na bibi kule chini, kwa sauti ndogo, na mama akaanza kulia. Bibi akapanda peke yake, polepole. Akaniona na mkeka wangu kwapani.

Madungu yamebaki machache bondeni, na lile letu mto ulilichukua zamani, pamoja na mbao zake. Wanaojua kunyoosha ubao kwa kuulalia nao wamekwisha. Mimi bado nausikia mkono wa bibi ukiuchukua ule mkeka na kuutandika tena palepale mlangoni.

"Lala, mama," aliniambia. "Hapa sasa ni pako."