Ukurasa wa Tisa Sikuusoma

Admin, nifichie jina langu na la shule yetu. Mama mdogo hayuko mitandaoni, lakini majirani zake wa soko la Rangwe wako, na sitaki alisikie jambo hili kwao kabla ya kesho.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, naishi Migori na baba. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo karo yangu hulipwa na mdogo wake, mjane anayeuza dagaa wa omena na mahindi. Alinunua ploti yake mwenyewe Rangwe, akajenga vyumba viwili: mbele duka, nyuma kitanda. Mimi ni mwoga wa kuongea mbele ya watu, ila nikipewa kitu cha kusoma sauti hunijia. Mama mdogo hujivunia hilo. Huwaambia wateja, "Huyu husoma mpaka gazeti lililofungiwa mandazi."

Miaka miwili iliyopita baba alitafuta mkopo anunue gari la kubeba samaki kutoka Sindo. Wakopeshaji wakataka mdhamini. Mama mdogo alikubali kwa sharti moja, kwamba niende nao hadi ofisini Homa Bay nimsomee karatasi, kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza.

Ofisa alicheka aliponiona na sare ya shule. "Kumbe mmekuja na wakili! Mpeni asome, asije akanishtaki."

Nilisoma na kueleza ukurasa baada ya ukurasa. Baba aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Nilipofika ukurasa wa tisa, maandishi yalikuwa madogo na sentensi moja ilijaza nusu ya karatasi. Nikairudia mara tatu. Kila neno nililijua, lakini yote pamoja sikuyaelewa. Wote watatu walikuwa wananitazama. Niliona aibu kusema sijui.

"Hapa wanarudia tu yale ya mwanzo," nikasema.

Ofisa aliinua macho akanitazama kidogo. Akamsukumia mama mdogo kalamu.

Mwaka jana gari liliharibika injini na baba akashindwa kulipa. Walikuja wakalivuta, wakaliuza, wakasema pesa hazikutosha. Tulidhani wamechoka kutufuata. Wiki mbili zilizopita baba alinipa bahasha kutoka mahakamani, pamoja na nakala ya mkataba. Safari hii nilisoma kila neno. Baba ni mdaiwa wa kwanza. Mdaiwa wa pili ni mama mdogo. Nikafungua ukurasa wa tisa na sasa nikauelewa: baba akishindwa, yeye atalipa deni lote, na mali yake inaweza kuuzwa. Hana mali nyingine ila ile ploti.

Nililia. Baba akasema, "Usimwambie bado. Naenda Macalder kuchimba dhahabu. Nikipata, nitalipa na hatajua kitu." Aliondoka alfajiri na sururu ya kuazima. Simu yake haipatikani tangu Jumatatu. Siku kumi na tano alizopewa kujibu zinaisha keshokutwa.

Jana jioni mama mdogo alinipigia. Tangu nione jina lake kwenye zile karatasi, simu yake ikilia mimi hushtuka.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "kijana wa pikipiki amenitafuta hadi dukani. Ameleta bahasha kubwa, akasema niweke sahihi kwamba nimepokea."

"Na ukaweka?"

"Nikaweka."

"Bila kusoma, mama?"

Akacheka. "Si wewe ndiye macho yangu? Nimeitia ndani ya Biblia. Sabato inaingia, sitaki mambo ya ofisi nyumbani kwangu. Njoo Jumapili unisomee. Nadhani ni wale watu wa gari. Babako lazima amemaliza kulipa, wananirudishia karatasi zangu."

Nilitaka kusema. Yeye akaendelea, "Nitakuandalia samaki. Na usiharakishe kama siku ile. Keshokutwa unisomee polepole."

Kama siku ile. Sijui kama alisema hivyo tu, au kama amekuwa akijua.

Leo ni Jumamosi, yuko kanisani. Nimewaza kumwambia kesho kwamba ni barua ya kawaida, kisha nimsubiri baba. Lakini nikifanya hivyo siku zake nazo zitapita bila jibu, na mahakama itaamua bila yeye. Nikimsomea kweli, atajua kwamba aliyempeleka huko si baba peke yake. Ni mimi, mtoto anayemsomesha.

Nyinyi mlionizidi umri, na kama kuna anayejua sheria, nielekezeni aende wapi Jumatatu asubuhi. Na mnishauri hili pia, kwa sababu kesho saa nne nitakuwa nimekaa mbele yake na bahasha mkononi: nianze kumsomea barua ya mahakama, au nianze na ukurasa wa tisa?