Askari Vipofu wa Mchezo wa Betri

Miaka ya themanini, mume wa dada yangu, mchuuzi wa mtaa wa Mudzipela, alirudi kutoka Kampala na kamchezo ka betri ka kushika kiganjani. Mwizi alitakiwa kunyata nyuma ya askari mpaka kwenye sanduku. Alikasifu wiki nzima.

Nilikajaribu, nikacheka. Nilishamwona mama akipitisha kahawa ya magendo kwenye bariere ya Bogoro, kizuizi cha barabarani, mbele ya askari wenye macho kweli. Hawa wa kamchezo waligeuka kushoto, kisha kulia, kila mara vilevile.

"Shemeji, askari wako ni vipofu."

"Weye hauelewe mashine!"

Nikafumba macho, nikahesabu mageuko yao kichwani, nikabonyeza. Mwizi akafika, kamchezo kakalia pii! Shemeji alininyang'anya, akakafunga katika kitambaa chake.