Nani Kakohoa?

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, baba, ambaye alikuwa mwalimu, alirudi nyumbani kwetu Soweto, mtaa wa Mbeya, na fimbo yake ya darasani. Akaiweka juu ya kabati la vyombo. Hakuigusa tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amepata kitu kingine.

Mwaka ule nusu ya Mbeya ilikuwa inajifukiza. Kwetu nyungu ilikuwa adhabu. Aliyekohoa alifunikwa blanketi zito, sufuria ya majani ya mkaratusi ikitoa mvuke mbele ya magoti yake, na baba akihesabu hadi mia tatu, polepole, kama anayeita mahudhurio. Ukitoa kichwa, anaanza upya.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, niliweza kuvumilia. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka saba, na pumu. Mara ya kwanza alitoka chini ya blanketi midomo imekuwa ya kijivu.

"Baba watoto, huyu ana kifua," mama alisema. "Mvuke unambana."

"Wewe ndiye unayewadekeza."

Mama akaliokota blanketi, akalikunja. Nilimchukia kwa hilo.

Basi nikamfundisha mdogo wangu kwenda kukoholea kwenye banda la kuku. Asipowahi kufika, nilidakia mimi: "Ni mimi, baba." Niliingia chini ya blanketi mara nyingi hadi ngozi ya pua ikabanduka. Nilijiona shujaa, sitaficha.

Baridi ya Juni ilipokaza, asubuhi moja tukinywa uji, tulisikia kikohozi kikavu, kirefu, kikitoka chumbani kwa baba. Mama alishika kikombe asikinyanyue. Mlango ukafunguka. Baba akasimama pale, macho mekundu, anajifuta mdomo.

"Nani kakohoa?"

Tulikuwa watatu mezani. Nilijua ni zamu yangu kudakia, ila siku hiyo sikutaka. Nilitaka baba aseme mwenyewe. Hadi leo sijamwomba mdogo wangu radhi kwa hilo.

"Nimeuliza, nani kakohoa?"

Mdogo wangu akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Ni mimi, baba."

Baba alimtazama. Nikangoja aone haya. Kisha akanigeukia.

"Kachume majani."

Mama akainuka kuinjika sufuria. Mimi nikaenda kuchuma.